"Umeua nani, mwanangu?" Kucha za damu ya mzee zazua maneno Butiama

Wiki hii tunashikana mikono. Tunaongelea kucha. Na si kucha za pinki ya bibi harusi wala nyekundu ya Krismasi tulizozizoea. Ni rangi za giza: damu ya mzee inayokaribia weusi, kijivu cha risasi, waridi lililoiva mpaka likageuka zambarau, na nyeusi tii kama wino.

Na giza lenyewe si la kuokota. Kila rangi nimeitoa kitabuni. Ndiyo, vitabu vilevile vya fasihi tulivyovikariri sekondari, halafu tukaviacha mlangoni mwa chumba cha mtihani!

Kwa nini vitabu? Sikilizeni. Shuleni msichana ana vitu viwili ambavyo si vyake: kucha na vitabu. Kucha zinakaguliwa mstarini, ikionekana rangi unalo. Vitabu navyo ni vya mtihani, jadili dhamira nne kwa kutoa mifano, basi. Ukimaliza shule unarudishiwa vyote viwili, lakini wengi wetu tunabeba kucha tu, vitabu tunavisahau. Mimi nikasema navichukua vyote kwa mpigo. Wiki nne, rangi nne, kati ya Musoma, Butiama na Bunda. Niliyoyaona si ya urembo peke yake. Watu wa kwetu wanasoma kucha za msichana kuliko wanavyosoma gazeti, na hukumu wanaitoa kabla hawajafika ukurasa wa pili.

GIZA HILI LIMETOKA WAPI?

Kuna wanaodhani ni uhuni wa juzi. Thubutu! Mwaka 1994 kampuni ya Chanel ya Ufaransa ilitoa rangi ya kucha iliyoitwa Rouge Noir, yaani nyekundu-nyeusi. Marekani ikauzwa kwa jina la Vamp. Mwaka huohuo mcheza filamu Uma Thurman akaonekana nayo kwenye Pulp Fiction, na kuanzia hapo kila mwenye kwenda na wakati akaitaka.

Na kabla ya huyo kuna mtoto wa nyumbani. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Miaka ya 1970 alikuwa akipanda jukwaani na kucha zilizopakwa nyeusi. Mwanamume mzima! Kwa hiyo anayekuambia kucha nyeusi ni mambo ya Kizungu, mjibu kwamba mmoja wa waliozitangaza duniani alikunywa maji ya Unguja kwanza.

Tena bibi zetu wa pwani walishatangulia wote hao. Hina ikikolea kwenye ukucha haibaki rangi ya chungwa, inakuwa nyekundu ya giza. Piko nayo ni nyeusi. Bibi harusi wa Tanga na kucha za giza ni jambo la siku nyingi, na hakuna aliyewahi kumwita mchawi.

JINSI NILIVYOZIPATA

Nilianzia soko la Nyasho, hapa Musoma. Nikamkuta kijana mmoja mpaka rangi, wale wanaopita na chupa zao kikapuni wakizigonganisha, kli kli kli, ili mjue wamefika. Nikamwambia nataka damu ya mzee. Akacheka. "Dada, hiyo haiji na chupa. Hiyo tunapika."

Basi tukapika. Nyekundu ya kawaida nusu chupa, nyeusi tone moja, tikisa, tazama, tone la pili, tikisa. Nyeusi ni kama chumvi, ukizidisha hurudishi. Kijivu cha risasi ni nyeupe na nyeusi, lakini ukitia tone la fedha inapata ule mng'ao mzito wa bati lililozeeka. Waridi ni pinki iliyokolea na zambarau. Wino hauhitaji mapishi.

Angalizo moja kabla hatujasafiri: changanya rangi za kawaida kwa za kawaida, zile tunazoziita zote Cutex hata kama kwenye chupa pameandikwa jina lingine. Zile za jeli zinazokaushwa kwa taa maalumu usizitie kwenye chungu hiki, hazitaelewana.

RANGI YA KWANZA: DAMU YA MZEE

Hii niliipeleka Butiama, na nilikuwa na sababu. Butiama ni nyumbani kwa Mwalimu Nyerere. Ndiko alikozaliwa mwaka 1922, na ndiko alikozikwa Oktoba 1999. Wengi wanamjua kwa siasa. Wachache wanakumbuka kwamba mzee huyu, akiwa Rais na kazi zimemjaa mezani, alikaa akamfasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri ya Juliasi Kaizari ilitoka kwanza mwaka 1963, akaipitia tena ikatoka upya 1969, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi.

Sasa katika Juliasi Kaizari, mikono ndiyo kila kitu. Baada ya kumchoma visu Kaizari, Bruto anawaambia wenzake waoshe mikono kwa damu yake mpaka viwikoni. Halafu anakuja Antonio, rafiki wa marehemu, na anawapa mkono wote, mmoja baada ya mwingine, damu ikiwa mbichi. Akitoka hapo anawageuzia mji mzima. Ukiisoma kwa ajili ya mtihani inapita tu. Ukiisoma huku unasubiri kucha za rangi ya damu zikauke, nakuhakikishia unaangalia vidole vyako mara mbili.

Nikapanda gari, nikashuka Makutano, nikachukua nyingine mpaka Butiama kwa shangazi. Nimepiga goti, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, mkono umeshikwa. Haukuachiwa.

"Umeua nani, mwanangu?"

"Sijaua mtu, shangazi. Ni hadithi ya Kaizari. Ile aliyoifasiri Mwalimu."

"Mwalimu wetu huyu?"

"Huyuhuyu."

Akakaa vizuri. "Kaizari aliuawa na nani?"

"Na rafiki zake."

"Kosa lake?"

"Walisema anataka ufalme."

Akaugeuza mkono wangu juu chini kama anayepima kitenge. "Sasa mbona wewe umepaka ya wauaji?"

Jamani! Miaka yote ya fasihi darasani hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Tulikaa pale mpaka ugali ukapoa, namsimulia hotuba ya Bruto, namsimulia ya Antonio, na yeye anatoa hukumu kama mzee wa baraza. Bruto alimwona mjinga mwenye nia njema. Antonio alimwona hatari kuliko wote. Mwisho akanyoosha mguu. "Nipake na mimi. Lakini huku chini. Jumapili nitavaa viatu vya kufunika."

Nikapaka vidole kumi vya mguu vya mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, damu ya mzee safi kabisa, akaenda navyo kanisani na hakuna aliyejua. Nilicheka, lakini kicheko kikaishia njiani. Mama mzima, amelea watoto na wajukuu, amelima miaka yote hiyo, na rangi anayoipenda lazima aifiche ndani ya kiatu.

RANGI YA PILI: RISASI

Hii nayo imetoka kwa Mwalimu, ndani ya Mabepari wa Venisi. Pana binti tajiri, Poshia. Baba yake amefariki na kuacha wosia: atakayemwoa ni yule atakayechagua sanduku sahihi kati ya matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Mwana wa mfalme wa Moroko anakimbilia dhahabu, anakuta fuvu la kichwa. Wa Aragoni anachagua fedha, anakuta picha ya mpumbavu. Basanio anachukua lile baya la risasi, na ndani yake imo picha ya binti.

Kwa hiyo nikapaka risasi, nikatembea nayo mtaa wa Mukendo. Ni rangi tulivu, haipigi kelele. Ila kwenye ngozi yetu nyeusi inatoka vizuri ile mbaya, na ikichubuka kidogo haionekani haraka kama nyeusi. Kwa wanaoanza, anzeni na hii.

Lakini hapa ndipo urembo ulipogeuka mkate. Rafiki yangu mmoja tuliyepaka naye siku hiyo alikuwa ameitwa kwenye duka moja la vitambaa kujaribiwa kazi ya kaunta. Mwenye duka hakumuuliza hesabu. Hakumuuliza kama anajua kupima. Alitazama vidole, akasema, "Binti, wateja wangu ni akina mama watu wazima." Kazi ikaota mbawa.

Tusiwe watu wa kulalamika bila kupima. Zipo kazi ambazo ukiambiwa ufute rangi unafuta bila kununa. Mama lishe anayekanda chapati, muuguzi, anayechakata samaki kiwandani: hapo rangi ikimeguka inaingia kwenye chakula au kwenye kidonda, na kucha ndefu zinahifadhi uchafu. Hiyo ni sababu. Lakini kitambaa cha gauni hakiumwi tumbo. Pale kaunta kilichokataliwa si ukucha, ni wazo la mwenye duka kuhusu msichana mwenye ukucha wa aina hiyo. Ni yale yale ya mwana wa mfalme wa Moroko, kutazama nje ya sanduku na kudhani umeshajua cha ndani.

Rafiki yangu aliniomba asetoni. Nilimpa, njaa haina dhamira nne. Wiki iliyofuata alikwenda duka lingine na kucha nyeupe, akapata. Siku hizi anapaka Jumamosi jioni, anafuta Jumatatu alfajiri. Rangi yake ni ya siku moja na nusu.

RANGI YA TATU: WARIDI

Bunda ni mji wa njia panda. Ukitoka Musoma kwenda Mwanza unaupita, na ukikata kwenda Kisorya unakuta kivuko cha kukuvusha mpaka Ukerewe. Ng'ambo hiyo ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, mwaka 1944, kijiji cha Namagondo. Alifariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka 1971, na kuna wakati ilizuiwa mashuleni kwa kuonekana ina mambo mazito. Baadaye ikarudi darasani kwa mlango wa mbele.

Jina lenyewe ni Kilatini, ni moja ya majina anayoitwa Bikira Maria kwenye litania: waridi la fumbo. Rosa wa Kezilahabi ni mtoto wa geti kali. Baba yake, Zakaria, mlevi na mkali, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Kuongea na wavulana mwiko, kucheka nao mwiko. Binti anafika shule ya bweni hajui hata kujibu salamu ya mwanamume. Halafu geti linafunguka ghafla, na hakuna aliyemfundisha kutembea nje ya geti. Mwisho wake ni wa kuhuzunisha, asiyesoma akasome.

Nilikuwa stendi ya Bunda na waridi langu la giza, nasubiri gari, akaja kukaa karibu yangu binti wa shule aliyekuwa likizo. Macho hayakutoka vidoleni.

"Dada, hiyo inaitwaje?"

"Rosa."

"Rosa wa kitabu?"

"Huyo."

Akafikiri. "Kwani Rosa angepaka?"

"Unaonaje wewe?"

"Angepaka. Ila angefuta kabla baba yake hajarudi."

Mtoto wa sekondari huyo! Mwalimu wake wa Kiswahili apewe soda. Maana hapo ndipo penye kiini. Rosa hakuponzwa na uzuri wake. Aliponzwa na maisha ya kujifichaficha, kutoruhusiwa kuchagua kitu kidogo mbele ya wazazi ili ajifunze kuchagua kikubwa peke yake. Mzazi, binti yako aliyemaliza shule akikuuliza kuhusu rangi ya kucha, shukuru kwamba anakuuliza. Ukimjibu kwa fimbo, safari nyingine hatauliza, na safari hiyo huenda swali lisiwe la kucha.

Aliniomba nimpake kidole kimoja tu, kile kidogo. Nikamwambia shule inafunguliwa, asubiri. Rangi haiozi.

RANGI YA NNE: WINO

Nyeusi niliiweka mwisho kwa heshima ya mzee mwingine wa Ukerewe, Aniceti Kitereza. Huyu aliandika hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa lugha yake ya Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Haikupata mchapaji. Baadaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka kitabu mwaka 1980. Hesabuni: miaka 35 ya kusubiri. Mwaka uliofuata, 1981, mzee akafariki. Ndani yake mna mume na mke wasiopata mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere lazima atengeneze pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Mapenzi ya kweli hayo, ya mitungi na jasho.

Nikapaka nyeusi tii, nikaenda nayo soko la Mwigobero, pale ziwani. Mama mmoja anayeuza ndizi za Tarime akaniangalia, akaangalia vidole.

"Hizo hazifanyi kazi hizo."

"Zinafanya, mama."

"Haya, menya."

Nikapewa kisu na fungu la ndizi mbichi. Nusu saa baadaye ncha ya kidole gumba ilishameguka, na ngozi pembeni ya kucha imekuwa nyeusi kwa utomvu. Mama akaweka mkono wake karibu na wangu. Vidole vyake vyote vimekolea weusi wa miaka, umeingia mpaka kwenye mikunjo.

"Unaona? Mimi zangu nimepakwa bure," akasema. "Na hakuna anayeniita mhuni."

Soko zima likacheka, na mimi nikacheka. Lakini neno lilibaki. Weusi ule ule, mikono miwili. Mmoja unaambiwa ni wa kazi, mwingine unaambiwa ni wa uvivu, na mimi niliyeutazama nilikuwa nimemaliza kumenya.

MAMBO YA KUZINGATIA

Tusiachane hivihivi. Rangi za giza zina adabu zake:

Kwanza, usipake kwenye ukucha mtupu. Anza na ile isiyo na rangi, la sivyo giza linaingia kwenye ukucha na kuuachia umanjano. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo doa la chini kabisa linaweza kukaa nawe miezi sita.

Pili, paka mara mbili nyembamba, usipake mara moja nene. Nene juu inakauka, chini inabaki uji, ukishika shuka tu imekwisha. Pitisha brashi na kwenye ncha ya ukucha, ndipo rangi inapoanzia kumeguka.

Tatu, kufuta. Paka mafuta ya nazi kwenye ngozi ya pembeni kwanza, ili weusi usisambae. Kandamiza pamba yenye asetoni juu ya ukucha, hesabu mpaka kumi, vuta kuelekea nje. Ukisugua huku na huku utatoka na vidole kama fundi baiskeli.

Nne, mbali na jiko! Rangi ya kucha ni ndugu wa rangi ya magari. Kemikali yake kubwa, naitroselulosi, ina jamaa yake anayetengenezewa baruti. Asetoni nayo inashika moto haraka kuliko petroli ya umbea.

Tano, dada zetu Waislamu wanajua hili: rangi inazuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha. Ndiyo maana hina ina heshima yake. Ila piko muwe nayo macho, ina dawa ya kutia nywele weusi, na ngozi za wengine hutoka malengelenge.

Sita, ukienda kujifungua au kufanyiwa upasuaji, futa kabla. Daktari anasoma rangi ya kucha zako, na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kudanganywa na rangi za giza.

Saba, na hili lishikeni. Zipumzishe kucha siku chache kila baada ya muda, uzitazame zikiwa tupu. Bob Marley aligunduliwa kansa ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, ikamwondoa tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Ukiona mstari mweusi ambao hukuupaka, tena unapanuka, usiufunike kwa rangi. Nenda hospitali.

NENO LA MWISHO

Sikuandika haya ili kesho mji mzima uamke na kucha nyeusi. Asiyependa asipake, na anayependa pinki ya bibi harusi aendelee, inampendeza. Ninachoomba ni kimoja. Ukimwona msichana na kucha za damu ya mzee, fanya kama shangazi wa Butiama: uliza kwanza. "Umeua nani?" ni swali zuri, kwa sababu baada yake alikaa akasikiliza jibu. Mwenye duka la vitambaa hakuuliza kitu, na alimkosa mfanyakazi anayejua hesabu kuliko yeye.

Na wewe dada mwenye kucha, ukiulizwa uwe na la kujibu. Chukua kile kitabu kilicholala chini ya kitanda tangu mtihani, futa vumbi, kisome huku rangi inakauka. Dakika kumi na tano mikono haiwezi kufanya kitu kingine, labda kufungua ukurasa, tena taratibu.

Shangazi ameshanitumia salamu. Anauliza yule Poshia aliishia wapi, na kama risasi inafaa miguuni. Nimemjibu inafaa, na safari hii namnunulia ndala za wazi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.